Bahari iwe ya kila mwanachuo wa Dar, sio ya watu wa Kunduchi peke yao

Kila semista ikianza huwa nawauliza wanafunzi wangu swali moja, leo maji yanajaa saa ngapi? Darasa limejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi, watu wa uhasibu, watu wa manunuzi na ugavi, watu wa rasilimali watu, IT, na hamna hata mmoja anayenyoosha mkono. Wapo wanaodhani naulizia mgao wa maji ya bomba hosteli. Na sio kwamba wote ni wageni wa kutoka bara, unakuta kuna aliyezaliwa Temeke, kuna anayekaa Kigamboni na kila siku anavuka na pantoni kuja chuo na kurudi, anapita juu ya bahari asubuhi na jioni, lakini ukimuuliza kwa nini kuna siku ukishuka pale unapanda mteremko mrefu na siku nyingine maji yamefika juu kabisa, hajui, na hajawahi kuwaza kwamba ni kitu cha kujua.

Mimi nafundisha DS, yaani Development Studies, ile kozi ya masuala ya maendeleo ambayo kila mwanachuo lazima aipitie hata awe anasomea nini. Kwa hiyo wanaonipitia mikononi ni watu wa kila aina, na hapo ndipo wazo langu lilipoanzia. Elimu ya bahari tusiwaachie wanaosomea bahari tu. Wanaosomea bahari wapo na wanafanya kazi kubwa, UDSM wana kampasi yao Kunduchi ya sayansi za majini na uvuvi, TAFIRI, watu wa utafiti wa uvuvi, wapo hukohuko Kunduchi, Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu 1978, Mbegani kule Bagamoyo kuna FETA wanaofundisha uvuvi wenyewe, na hapa mjini DMI wanafundisha mabaharia. Hao wameshaamua maisha yao. Ninaowawaza mimi ni hawa wengine wote, maana kesho huyu ndiye afisa mipango miji anayepitisha kiwanja kwenye mikoko, huyu ndiye mtu wa benki anayekataa au kukubali mkopo wa boti, huyu ni mwanasheria, huyu ni mhandisi wa mifereji, huyu anarudi kufundisha sekondari. Bahari yetu inaamuliwa na watu ambao chuo kizima hawakuisoma hata nusu saa.

Sio sisi tu tuliojikuta hapo. Marekani miaka ya mwanzoni mwa 2000 wanasayansi na walimu waligundua kwamba mitaala yao ya sayansi shuleni karibu haigusi bahari kabisa, wakakaa wakaandika kanuni 7 za mambo ambayo kila mtu anatakiwa ayaelewe kuhusu bahari, zikatoka 2005, na tangu hapo zimeenda nchi nyingi. Sasa hivi Umoja wa Mataifa uko kwenye Muongo wa Sayansi ya Bahari, 2021 mpaka 2030, unaosimamiwa na UNESCO, na elimu hii imo ndani yake. Msingi wenyewe ni mwepesi, ujue bahari inakufanya nini wewe na wewe unaifanya nini bahari. Sitazipitia zote 7, nitasema yale ninayoyaona hapa Dar kwa macho yangu.

Tuanze na mvua maana hiyo inamgusa kila mtu. Mwanafunzi anakuja amechelewa test, amelowa mpaka magotini, Jangwani pamejaa maji, mwendokasi imesimama, yeye ametembea kutoka Magomeni. Namuuliza hii mvua imetoka wapi, ananiambia mbinguni madam. Sawa, lakini kabla ya kwenda mbinguni ilikuwa wapi? Bahari ya Hindi upande wetu huu na upande wa Indonesia zinapokezana joto kama pembea, kuna miaka upande wa huku unapasha kuliko kawaida na ule wa kule unapoa, wataalamu wanaita dipole ya Bahari ya Hindi. Ukipasha upande wetu maji mengi yanakwenda hewani, mawingu yanajengeka juu yetu, vuli inakuwa nzito. Vuli ya 2019 dipole ilikuwa kati ya zile kali kabisa zilizowahi kupimwa na Afrika Mashariki nzima ililowa. Ndio maana TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wakitoa utabiri wa msimu hawaanzi na mawingu, wanaanza na hali ya joto la bahari, Hindi na hata Pasifiki kule kwenye El Nino. Huyu mtoto aliyelowa anasomea ugavi, kazi yake kesho itakuwa kupanga malori na maghala, na taarifa ya joto la bahari ingemsaidia kupanga miezi kabla. Hajawahi kuambiwa.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa, na hapa naomba nikae kidogo maana ndio mlango wenyewe. Ukielewa hili mengine yanafunguka.

Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita na kidogo, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50 kwa sababu mwezi nao unachelewa kuchomoza. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, hapa Dar tofauti kati ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogeasogea tu, kama mita 1 hivi. Na kuna kitu kizuri ambacho wavuvi wote wanakijua na wanachuo wangu karibu wote wanakisikia kwangu mara ya kwanza, kwamba Dar siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na yanajaa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kila bamvua, mwaka mzima. Kwa hiyo ukiangalia mwezi tu usiku unajua kesho bahari itakuwaje, huhitaji bando.

Nilienda na kundi la wanafunzi upande wa Kigamboni siku moja ya bamvua. Chuo hakikutoa gari, walisema haipo kwenye bajeti ya idara, basi tukavuka na pantoni kama abiria wengine, tukapanda bajaji, tukafika maji yanatoka. Kuna mzee mmoja mvuvi pale alikuwa ameketi anashona jarife, wavu wake wa kuvulia, wanafunzi wakamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba wanangu, halafu akawauliza, leo mwezi ngapi? Kijana mmoja akachomoa simu haraka, akasema tarehe kumi na nne. Mzee akasema hiyo ya simu, nakuulizia ya mwezi. Kimya. Akawahesabia kwa vidole, leo mwezi kumi na sita, maji yatatoka mpaka yauache ule mwamba mweusi kule mbele, nendeni mtembee, lakini mkiona maji yanaanza kuingia kwenye hivi vifereji vilivyo huku nyuma yenu geukeni mrudi, msisubiri yawafike mbele. Maana maji hayaji kutoka mbele tu wanangu, yanazunguka.

Hilo la mwisho ndilo linaloua watu. Unakuta vijana wamekwenda kwenye fungu la mchanga kupiga picha, maji yako mbali kabisa, wanaona bado wana muda. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanasogea taratibu mpaka unaona kama yamelala, halafu saa ya tatu na ya nne ndio yanakuja kwa kasi, nusu ya ule ujazo wote unaingia ndani ya saa mbili hizo. Kwa bamvua ya mita 3 hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili, yaani kutoka kwenye vifundo vya miguu mpaka kifuani kwa mtu wa kawaida, na mfereji wa nyuma umeshajaa, na wengi hawajui kuogelea. Nikiuliza darasani nani anaweza kuogelea wananyoosha wachache sana, wasichana ndio kabisa. Chuo kiko kwenye mji wa pwani jamani, sikukuu zote watu wanakwenda ufukwe wa Coco.

Na siku za sikukuu ndio nakumbuka tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilitokea pwani ya Sumatra, Indonesia, ukubwa wa 9.1, waliokufa kwenye nchi zote walipita laki mbili na elfu ishirini, na mawimbi yalivuka bahari nzima saa kadhaa mpaka yakafika huku kwetu. Ilikuwa Jumapili, kesho yake ya Krismasi, watu wako ufukweni. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na wengi wao walikuwa wanaogelea hapahapa Dar. Wanafunzi wangu wa sasa wengi walikuwa hawajazaliwa, na wakisikia wanashangaa, tsunami wao wanaijua ya Japani.

Siku hiyohiyo kule Phuket, Thailand, kulikuwa na mtoto wa Kiingereza wa miaka 10 anaitwa Tilly Smith, yuko likizo na wazazi wake ufukweni Maikhao. Akaona maji yanafanya mapovu na yanachezacheza vibaya, akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa shuleni wiki mbili tu kabla, kuhusu tsunami. Akawapigia kelele wazazi mpaka wakamsikiliza, walinzi wakawatoa watu kama mia moja ufukweni kabla wimbi halijafika, na pale hakufa mtu. Kipindi kimoja cha jiografia! Huwa nasimulia hii darasani kila mara na kila mara kunakuwa kimya, kwa sababu wote wamesoma jiografia, wamechora mikondo ya bahari, wamekariri majina ya mawimbi, wamepata A zao, ila hamna aliyewahi kupelekwa akaonyeshwa hayo maji.

Basi turudi pale Kigamboni. Maji yalipotoka vizuri mwamba ukabaki wazi, tukaanza kutembea. Vitu vilivyokuwa vinapitwa kila siku vikaanza kuonekana, viti vya pweza wekundu, wale wa umbo la nyota, jongoo bahari wamelala kwenye vidimbwi, majani ya bahari yamelalia upande mmoja. Darasani nikisema matumbawe ni wanyama watu wanabisha, wengine wanasema ni mawe, wengine mimea. Pale nikamwonyesha kijana mmoja tumbawe hai kwenye kidimbwi, nikamwambia usiliguse, inama tu uangalie kwa karibu, akainama mpaka pua inakaribia kugusa maji, akaona vile vidude vidogo vimejipanga kila kimoja na tundu lake, akakaa pale muda mrefu. Ndani ya kila kimoja kuna vimwani vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ndio vinavyolipatia tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula chake, na bahari ikipasha kupita kiasi tumbawe linavitema na kubaki jeupe, likikaa hivyo muda linakufa. Pwani yetu iliona hivyo vibaya sana mwaka 1998, na tena 2016. Na yale ya mviringo makubwa yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, sasa piga hesabu baruti moja ya mvuvi haramu inavunja miaka mingapi. Miaka ya nyuma ilikuwa ukikaa ufukweni unasikia mlipuko, afadhali baada ya msako wa 2016 na kuendelea imepungua sana.

Ila kilichowakamata wanafunzi ni pweza. Kulikuwa na mama mmoja na mchokoo wake, kile kijiti cha kuvulia pweza, anatembea taratibu, anasimama, anaangalia chini, anasogea. Tukamwamkia, akatuonyesha shimo moja kwenye mwamba, mimi ningelipita, mdomoni pake kuna maganda ya kaa na makombe yamerundikwa. Akasema hapo kuna mwenyewe. Pweza akila anatupa maganda mlangoni, kwa hiyo anayejua kusoma anaona nyumba ipi ina mtu na ipi imehamwa, na kama maganda ni mapya au ya siku nyingi. Yule mama hajasoma chuo chochote, na alichotufundisha dakika zile chache mimi nisingeweza kukifundisha kwa saa mbili na projekta.

Sasa hawa vijana supu ya pweza wanaijua kuliko mimi. Jioni nje ya hosteli yuko kaka na meza yake, vipande vimekatwa vidogovidogo vimechomwa vijiti vya meno, pilipili pembeni, supu ya moto kwenye kikombe, wavulana wamejaa wanasema inaongeza nguvu. Basi nikawauliza, mnayekula kila jioni ana mioyo mingapi? Mitatu. Damu yake rangi gani? Ya bluu, kwa sababu ina shaba pale ambapo yetu ina chuma. Anaishi muda gani? Huyu wa kwetu mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo basi. Jike linataga mara moja tu maishani, linakaa shimoni kulinda mayai bila kula, yakianguliwa linakufa. Na kwa kuwa maisha yake ni mafupi anakua kwa kasi ya ajabu, ukimwacha wiki chache tu uzito wake unaongezeka sana. Ndio maana vijiji kadhaa huko Mafia, Kilwa, Pemba na Unguja wamekuwa wanakubaliana kufunga sehemu ya miamba kama miezi mitatu, hakuna kuvua pweza pale, halafu siku ya kufungua wote wanaingia pamoja na wanatoka na pweza wakubwa.

Kuna dada mmoja wa uhasibu hapo akatoa daftari. Akamuuliza yule mama bei ya kilo mdogo akiwa hivi na mkubwa akiwa hivi, akaandika, akahesabu miezi mitatu ya kufunga, akatoa gharama za kusubiri, yaani mama watoto watakula nini kipindi hicho, akasema madam hapa tatizo ni mtaji wa kusubiria, wakipata mkopo mdogo wa miezi mitatu wanalipa na wanabakiwa na faida. Yule mama akamwambia mwanangu hilo ndilo tunalowaambia kila siku. Mimi nikasimama pale nikasema moyoni hii ndio DS yenyewe, kila kitu tunachoongea darasani kuhusu umaskini na rasilimali na wanawake kimekuja kwenye shimo moja la pweza, na aliyekiona ni mtu wa uhasibu. Mtu wa sayansi ya bahari angeona vingine, tena muhimu, lakini hicho asingekiona.

Kwa wahandisi huwa nazungumzia Kunduchi. Wazee wa Dar wanaikumbuka hoteli ya Africana, ilivyokuwa na jina, na ufukwe ulivyoliwa. Mchanga wa ufukweni sehemu kubwa unaletwa na mito, ile mito ya Tegeta na Mbezi na mingineyo inashusha mchanga, mawimbi yanausambaza, upepo wa kusi unausukuma upande wa kaskazini. Sasa mchanga wenyewe tunauchimba mtoni kwa ajili ya matofali, unapakiwa kwenye malori kabla haujafika baharini, na bahari inaendelea kuchukua kama kawaida yake bila kuletewa. Mtu anajenga nyumba Goba anaona kabisa hana habari na bahari, kumbe tofali zake ni ufukwe wa Kunduchi. Hapo wanafunzi wa ujenzi ndio wanaamka, wanaanza kuulizana mchanga mwingine utoke wapi, kokoto za kusaga zinafaa wapi, bei yake ikoje. Nataka wabaki na hilo swali kichwani mpaka siku wanapokaa kwenye kiti cha kuidhinisha.

Mikoko ni hivyohivyo. Pale daraja la Salender watu wanapita kwenye gari wanaona vichaka vya matope. Nikiwapeleka nawaambia waangalie mizizi tu. Mkoko una mizizi inayotoka juu kwenye shina na kushuka kama miguu, mchu mizizi yake inachomoza kutoka kwenye tope kwenda juu, inavuta hewa maana ndani ya tope hamna. Kuna mkandaa, kuna msinzi, mlilana, mkomafi. Samaki wadogo na kamba wanalelewa humo kabla ya kwenda nje, na mawimbi yakifika humo yanaishiwa nguvu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia wengi ndio walijua kwa mara ya kwanza kwamba kimbunga kinaweza kufika Tanzania, wakati 1952 kilishapiga Lindi na 1872 kiliivuruga Zanzibar vibaya sana.

Na kisiwa cha Mbudya. Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka wanachuo wanachanga wanakwenda Mbudya, samaki wa kukaanga na chipsi, muziki, picha, wanarudi jioni. Ni raha na nawaunga mkono waende. Ila karibu wote nikiwauliza hawajui kwamba ile tozo wanayolipa ni kwa sababu pale ni eneo tengefu, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitengwa tangu 1975, na uvuvi hauruhusiwi pale. Wanaogelea juu ya matumbawe bila kuangalia chini, miwani ya kuogelea inakodishwa palepale. Mwanafunzi mmoja wa mawasiliano ya umma aliniambia ameenda Mbudya mara nyingi na hajawahi kuingiza uso kwenye maji. Safari iliyofuata aliingiza. Alirudi na maswali mengi mpaka nikamwelekeza kwa watu wa Kunduchi kwa sababu mimi majibu yaliniishia, na nilifurahi sana.

Sasa hivi kila kongamano ni uchumi wa buluu. Zanzibar wana wizara yake kabisa tangu 2020. Ukanda wetu wa kiuchumi baharini unakwenda maili 200 za baharini kutoka pwani, kilomita za mraba kama 223,000, kubwa kuliko mikoa kadhaa ya bara ukiiunganisha. Mikataba ya gesi, leseni za meli za jodari, bandari, utalii, kilimo cha mwani, vyote hivyo vitashikwa na hawa waliokaa kwenye ngazi za darasa langu. Na mimi naona ni kuwaonea kuwapeleka huko hawajui hata bamvua.

Najua watu wa vyuo watasema mtaala umejaa, na ni kweli umejaa. Siombi kozi mpya. DS ipo tayari, kila mtu anaisoma, ndani yake kuna mada ya mazingira, kuna mada ya rasilimali, kuna ya umaskini. Mifano tunayotumia mara nyingi ni misitu na migodi, tuweke bahari humo. Wiki tatu za semista zinatosha, moja ya bahari na hali ya hewa, moja ya maji kujaa na kupwa na uhai wa mwambao, moja ya nani anaamua na nani analipa, pamoja na siku moja ya kwenda kwenye mwamba bamvua ikiwa imetoka. Na iwekwe swali kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, maana nawajua wanafunzi, kisichotoka kwenye UE hakisomwi. Vyuo vya Dodoma na Mwanza hawana mwamba, lakini mvua wanayo, na dagaa wa baharini anafika huko.

Noti za mada hizo tatu nimeshaziandika, mwalimu yeyote wa DS akizitaka aniandikie nitamtumia. Wanafunzi wa chuo chochote, safari inayofuata ni asubuhi ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaokuja, tunakutana Feri upande wa Magogoni saa mbili ili tuwe mwambani kabla ya saa nne. Njoo na raba za kufunga vizuri, sio ndala, maana kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi na kuna makombe makali. Kofia, maji ya kunywa, nauli ya pantoni na bajaji. Ukigeuza jiwe unalirudisha lilivyokuwa. Asiyejua kuogelea naye aje, hatupiti kwenye maji yanayozidi magoti, na saa tano na nusu wote tunakuwa tumeshageuka.